Shefu wa Sinyale na Treni za Mezani

Shefu alipima kila kitu kabla ya kukiamini. Alipima betri za tochi dukani mbele ya muuzaji, na pasi aliyozawadiwa na shemeji yake aliifungua siku ile ile, shemeji akiwa bado anakunywa chai. Jumapili moja alitoka kwenye benchi la kanisa, akapanda hadi kwenye kipaza sauti cha padri na kuchungulia nyuma yake, kwa sababu kilikuwa kinanguruma na yeye hakuweza kusali huku kitu kinanguruma. Padri alimngoja. Sisi sote tulimngoja. Aliporudi kukaa sauti ilikuwa safi, na mkewe alikuwa ameuficha uso ndani ya kitabu cha nyimbo.

Jina lake analo, tena zuri, ila mtaani kwetu Kolwezi hakuna aliyelitumia. Alikuwa mkuu wa karakana ya sinyale, yaani zile taa nyekundu na za kijani zinazoongoza treni za madini, na Shefu, neno letu la mkuu, likamtosha. Mimi ni mshonaji. Nyumba zetu za Kampuni ya madini zilitenganishwa na ukuta wa matofali uliofika kifuani, na kwa miaka kumi na minne tuliongea mengi juu ya ukuta huo kuliko nilivyoongea na ndugu zangu wengi. Nitanguliza jambo moja ili mtu asije akaniona mnafiki baadaye. Shefu na mkewe walikuwa watu wa Kasai; watu wa Kasai walipoanza kufukuzwa Katanga, mkewe alitaka waondoke mapema, na mimi ndiye niliyemwambia Shefu abaki.

Treni za mezani, zile ndogo za mfano, zilimfikia bila yeye kuziomba. Askari walipopora miji, wazungu wa Kampuni waliondoka mbiombio, wengine na begi moja tu. Mhandisi mmoja, ambaye Shefu alikuwa amefanya naye kazi miaka mingi, alisimamisha gari mbele ya nyumba, akateremsha sanduku la mbao, akamshika mkono na kuondoka bila kuzima injini. Ndani mlikuwa na reli, sanduku la kuongozea, na vichwa vinne vya treni, kila kimoja saizi ya kipande cha sabuni ya kufulia. Chini kabisa, ndani ya kopo la biskuti, mlikuwa na vibao vitano vidogo kama stempu za barua, vyenye waya za rangi rangi. Hivyo ndivyo vinaitwa dekoda. Mhandisi alivinunua akakosa muda wa kuvifunga.

Shefu alinieleza mara nyingi sana, kwa hiyo nami naeleza bila wasiwasi. Treni ya mezani isiyo na dekoda ni kitu kijinga: unaongeza umeme kwenye reli, na kila kichwa kilicho juu yake kinaondoka, utake usitake. Dekoda inakaa tumboni mwa kichwa, kati ya reli na mota. Umeme unabaki relini muda wote, na sanduku la kuongozea linatuma amri zenye namba. Ukiita namba tatu, namba tatu peke yake ndiyo inaondoka, na nyingine zinasimama zinangoja huku taa zao zinawaka. Shefu alipolielewa hilo alicheka peke yake barazani. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya stesheni maisha yake yote, na sasa ingeingia sebuleni kwake.

Aliitwaa meza ya kulia chakula. Mama Shefu, mkewe, muuguzi wa zahanati na mwanamke wa maneno machache yanayochoma, alikula kwa zaidi ya mwaka na sahani mapajani. Mgeni akiuliza, alijibu akizinyooshea treni kidole, "Bwana yangu alioa bibi wa pili. Njo ule kwa meza."

Kazi yangu mimi ilitokana na macho. Shefu alikuwa anaona mbali vizuri, angeweza kusoma sinyale kutoka kilomita mbili, lakini kwa karibu alikuwa kipofu mwenye kiburi. Waya za dekoda ni nyembamba kuliko uzi wangu wa kutarizi. Alivunja waya moja, akavunja ya pili, kisha nikasikia sauti yake juu ya ukuta, akiniita kwa mashini yangu ya kushona.

"Mama Mashini! Macho yako iko na kazi leo?"

"Iko na robe ya bibi-arusi, Shefu," nikajibu, gauni likiwa bado mkononi.

"Bibi-arusi atangoya. Mutu anayekwenda kuolewa hana haraka."

Basi nikawa naenda kila Jumamosi mchana, na sindano yangu na mkasi mdogo. Yeye alishika chuma cha kulehemu, mimi nilishika waya. Alinifundisha rangi na kunihoji kabla hatujaanza, na nikikosea hatuanzi. Nyekundu na nyeusi zinatoka kwenye magurudumu, zinaleta umeme wa reli. Rangi ya chungwa na kijivu zinakwenda kwenye mota. Nyeupe ni taa ya mbele, njano ni taa ya nyuma, na bluu inazihudumia taa zote mbili. Mpaka leo nikiona kitambaa cha kijivu na chungwa dukani, mkono wangu unatafuta mota.

Kichwa cha kwanza tulikifunga kwa Jumamosi tatu. Nilipitisha waya pembeni mwa ubavu ili zisiguse gia, nikazifunga kwa uzi wangu mwenyewe. Shefu aliunganisha kila ncha, akakagua, akajisifu, akamwita mkewe aje kushuhudia. Akaweka kichwa relini na kubonyeza. Ukatoka moshi mwembamba, na harufu ya plastiki iliyoungua, na dekoda ikawa imekufa.

Alikaa mbele ya meza siku mbili, akienda kazini na kurudi kukaa. Siku ya tatu alinigongea dirisha la jikoni asubuhi, anacheka mpaka machozi. Alikuwa ameligundua kosa, na lilikuwa kosa ambalo mtu wa Brussels asingelifanya. Kwenye vichwa vikubwa vya umeme, vile vinavyovuta madini ya Kolwezi, umeme unashuka kutoka waya wa juu, unapita kwenye mota, kisha unarudi nyumbani kupitia mwili wa chuma, magurudumu na reli. Mwili huo wanauita masi. Miaka thelathini mkono wake ulijua sheria moja tu: kila mota irudi kwenye masi. Kwenye treni ya mezani yenye dekoda ni kinyume kabisa. Mota lazima itengwe, iwe na waya zake mbili tu, isiguse chuma chochote, la sivyo umeme wa reli unairukia dekoda na kuiua. Yeye alikuta mota imegusana na mwili kidogo tu, mgusano wa kiwandani. Badala ya kuuondoa aliuongezea waya mnene, akaulehemu vizuri, ili masi iwe imara.

"Mi shefu ya sinyale, miaka makumi tatu," aliniambia, "nimeua kamutoto ka stempu na mikono yangu miwili!"

Wakubwa wengi ninaowajua wangelificha kosa kama hilo. Yeye alilisimulia kanisani, sokoni, na karakanani mbele ya vijana aliokuwa akiwakaripia kila siku kwa makosa madogo kuliko hilo. Tangu siku ile hakuna kichwa kilichopanda reli kabla hajaweka mita yake ya kupimia umeme kati ya mota na mwili, na mshale ukitikisika hata kidogo tunaanza upya. Kisha alibuni kitu ambacho bado nakiona cha akili sana. Kwenye waya inayopeleka umeme kwenye reli ya majaribio aliunganisha bulbu ya taa ya gari. Kukiwa na kosa, bulbu inawaka na kula umeme wote, na dekoda inabaki salama. Kichwa cha kwanza kwa dekoda nyingine, kisha cha pili na cha tatu, tulivifunga hivyo, na hakuna kilichoungua.

Alikuwa mnyoofu kupita kiasi. Mshahara ulipoanza kuchelewa, kisha kukoma, watu walitoka karakanani na misumari mifukoni, na koleo, na hata milango. Shefu hakuchukua hata skrubu. Lakini rezista za taa za treni zake, vile vipande vidogo vinavyopunguza umeme, zilitoka kwenye redio za Kampuni zilizokufa. Nilipomuuliza kama huo si wizi, alikasirika.

"Hii radio ilishakufa, Mama Mashini. Mi nazika tu."

Tena ni kweli alizizika. Akishatoa rezista mbili tatu, alichimba shimo nyuma ya choo na kuifukia redio iliyobaki, nadhani ili dhamiri yake isiione.

Mtu huyu aliyeshika umeme maisha yake yote aliogopa radi. Mvua za Kolwezi zikianza kupiga, alichomoa kila kitu ukutani, akafunika kioo kwa shuka, akakaa katikati ya chumba miguu ikiwa juu ya kiti. Mama Shefu alipita mbele yake makusudi akiwa ameshika ndoo ya maji, peku, akiimba.

Bulbu za taa za mbele zilikuwa ndogo kama punje ya mchele, na alizitunza ndani ya pamba. Siku kichwa cha pili kilipowasha taa ya mbele kikienda mbele, kikasimama, kisha kikarudi nyuma huku taa ya mbele ikizimika na ya nyuma ikiwaka yenyewe, dirisha la sebule lilijaa watu. Mfanyabiashara mmoja aliyeleta mahindi kutoka Sandoa aliinama hadi pua ikagusa reli.

"Iko na shofere mule ndani?"

"Iko," akajibu Shefu. "Lakini hapendi batu ba kumuangalia."

Yule bwana alirudi nyuma na kuomba radhi. Shefu hakumsahihisha hadi alipoondoka na magunia yake.

Kazini aliendelea kwenda kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, shati limepigwa pasi, hata wakati stesheni ilipokuwa inapitisha treni mbili kwa wiki. Nilimtania kwamba anafanya kazi bure. "Kama mi sikwende," alisema, "nani atawasha ya kijani?" Hili alilisema kwa kujiamini kabisa, na sote tuliliamini. Tulifikiri mji hauwezi kumtupa mtu anayewasha taa zake. Nilikuwa na kichwa kigumu kama yeye katika jambo hilo, pengine kumzidi.

Ndipo maneno yakaanza. Watu wa Kasai wakaitwa bilulu, wadudu, redioni na barabarani, na watu tuliokuwa tunawajua. Mimi ni mtu wa kaskazini ya Katanga, sikuitwa chochote. Familia za kwanza ziliondoka na vitu vyao: makabati, magodoro, mashini za kushona kama yangu. Mama Shefu alikuwa na dada Mwene-Ditu, kule Kasai. Kwa kumtibu mtoto wa mfanyakazi wa stesheni, alipata nafasi mbili ndani ya behewa la treni ya kwanza.

Mdogo wangu alikuwa kiongozi wa vijana waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu wakiwatoa watu wa Kasai. Sijivunii hilo, na wakati ule sikulionea haya inavyostahili. Nilimwita, nikamlisha, nikamwapisha kwa kaburi la mama yetu kwamba Shefu hataguswa. Aliapa. Jioni ile nilisimama ukutani na kusema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza shauri.

"Shefu, mubaki. Ndugu yangu aliapa. Hakuna mutu atawagusa."

Mama Shefu alikuwa anaanua nguo. Hakuacha kuanua.

"Mama Mashini, ndugu yako iko kijana. Kijana anaapa asubui, saa sita banamutuma fasi ingine."

Nilimwambia hamjui ndugu yangu. Shefu alitutazama sote wawili, akarudi ndani kwenye meza yake. Kesho yake treni ya kwanza iliondoka, wao hawakuwamo, na mimi nilifurahi, kwa sababu nilijua wamenisikiliza. Nilikuwa nimewaokoa, nilidhani, na Jumamosi tungeendelea na kichwa cha nne.

Vijana walikuja majuma matatu baadaye, wakati wa chai ya asubuhi. Mdogo wangu alikuwamo. Alisimama mbali, ng'ambo ya barabara, akitazama viatu vyake. Wakawapa Shefu na mkewe mpaka saa sita mchana wawe wametoka. Nilivuka barabara nikamshika shati mbele ya wenzake nikamuuliza kuhusu kaburi la mama. Alisema ni amri, nimwachie shati. Nilipogeuka Shefu alikuwa anatoka na mita yake shingoni na sufuria mkononi, na Mama Shefu alikuwa anafunga mlango kwa ufunguo. Kijana mmoja alimwambia aache ufunguo. Aliuacha juu ya ngazi. Alipita mbele yangu bila kuniangalia.

Kwenye uwanja wa stesheni walikaa majuma mengi, maelfu ya watu chini ya maturubai na mashuka, wakingoja treni ambazo hazikuja. Nilipeleka unga mara mbili. Mara ya tatu vijana walinisimamisha njiani na kuniuliza ninampelekea nani, na nikasema ninakwenda sokoni, nikaenda sokoni. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Muuguzi mmoja ndiye aliyeniletea habari kwamba treni yao hatimaye iliondoka, na kwamba Mama Shefu, ambaye alishikwa na kuhara pale stesheni, alifia njiani kabla ya Kamina.

Nyumba yao ilipata wenyewe wapya. Siku moja niliona watoto wakiburuta kichwa cha nne kwa kamba mavumbini, waya ya chungwa na ya kijivu zinaning'inia tumboni. Nilijua kila kiungo cha waya zile. Nilipita nikaenda zangu, na nililia nikiwa nashona koti la mteja.

Miaka zaidi ya ishirini ilipita. Kolwezi ilibadilika, watu wakachimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao kule mtaa wa Kasulo, na mimi nikavaa miwani. Kila Kwaresima niliungama dhambi ile ile kwa mapadri tofauti, na kila mmoja alinipa sala nikazisali, na haikuondoka. Kisha mpwa wangu akaolewa na kijana wa Mwene-Ditu, nami nikapanda treni kwenda harusini. Siku ya pili nilianza kuuliza kuhusu mzee wa sinyale aliyetoka Kolwezi. Walinionyesha bila shida.

Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na taa za sola, karibu na reli. Alikuwa amekonda, macho yake yana utando mweupe. Alinijua kwa sauti.

"Mama Mashini," alisema. "Kiswahili yangu ilishaanza kuoza. Ongea, niisikie."

Tuliongea kwanza habari za wazima. Kisha nikasema nililolibeba. Nilisema mimi ndiye niliyewaambia wabaki, kwamba Mama aliona ukweli na mimi nikamzidi kelele, na kwamba nimekuja kuomba msamaha mbele yake kwa kuwa mbele ya mkewe siwezi. Aliweka chini simu aliyokuwa anaitengeneza kwa kupapasa.

"Ngoya. Sikiliza vizuri. Ile asubui ya treni ya kwanza, Mama alikuwa kwa mulango na sakosi yake ya nguo. Kichwa ya ine ilikuwa wazi kwa meza. Dekoda ya mwisho. Nsinga mbili tu, waya mbili, njo zilibakia, na lampi ya nyuma. Nilisema kwa roho yangu, nimalize hii, treni ingine itakuya. Lakini kumwambia yee vile, nilisikia haya. Mutu gani anaacha kukimbia juu ya kamuchezo ka meza? Njo nikamwambia, jirani anasema tubaki, jirani iko na ndugu."

"Lakini kweli nilisema, Shefu."

"Ulisema. Mi sikuamini ata kidogo. Ndugu yako nilishamupima zamani." Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Nilitumia mudomo yako. Na kwa treni, wakati alikuwa anakufa, alisema, ule mama wa mashini alituua. Mi nilikuwa namushika kichwa. Nilinyamaza. Alikufa anajua ni weye."

Hasira ilinipanda. Miaka yote ile nimepiga magoti, na mtu mwingine alikuwa na nusu ya mzigo akainyamazia. Zaidi ya hayo nilimwonea uchungu yule mwanamke, ambaye alikufa akinichukia mimi peke yangu, wakati tulikuwa wawili. Nilisimama.

"Leo sikusamehe, Shefu."

"Ni sawa."

"Usiniambie ni sawa!"

Wapita njia waligeuka. Nilitembea hadi nyumba ya harusi, vumbi miguuni, nikigombana naye kwa sauti njia nzima. Nilikuwa nimekaribia lango niliposhindwa kuendelea kugombana. Kama ningenyamaza jioni ile ukutani, asingekuwa na neno la kumwambia mkewe. Angelazimika kumwambia ukweli, na Mama Shefu, ninayemjua mimi, angemkokota kwa shati hadi ndani ya behewa. Neno langu hakuliamini, na bado ndilo lililowabakiza.

Sikumsamehe usiku ule wala sikujisamehe. Lakini asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, niliwaambia wenyeji wangu natoka kidogo, nikarudi kwenye kibanda kile. Alikuwa ameshanyoa ndevu, ameshatoa viti viwili nje, amekaa kwenye kimoja, anatazama upande wa barabara ninakotokea bila kuniona.

Nilikaa kwenye kile kingine.